Farasi Chini ya Sakafu Yetu

Simu ya kutoka Likasi, mji wa migodi walikotoka wazazi wangu, ilinikuta napiga pasi. Binamu yangu alisema maneno machache tu, kwamba Tonton, baba yangu mkubwa, alilala jana na asubuhi hakuamka, kisha laini ikakatika kama ilivyo kawaida yake. Nilibaki nimesimama na pasi mkononi. Shati lilikuwa bado na unyevu, na mvuke uliopanda kutoka kwenye ukosi ulikuwa na harufu ile ya pamba iliyokaribia kuungua. Kilichonijia kwanza hakikuwa huzuni. Kilikuwa woga, na woga huo haukuwa wa leo. Ulikuwa wa mtoto wa shule ya msingi, katika jengo la matofali kule Schaerbeek, Brussels, nyumbani kwa Madame Greta, na ulikuja pamoja na wimbo wake.

Waliokua wakati mmoja nami wanaukumbuka muziki ule wa roki nzito, magitaa yakinguruma na waimbaji wenye nywele hadi mabegani. Kwetu haukupigwa. Papa alikuwa na kanda zake za rumba na Maman alikuwa na kwaya zake. Roki ilikuwa mali ya ghorofa ya chini, alikoishi Madame Greta, mjane Mflamandi aliyepiga pasi mashati ya watu kwa malipo. Maman alikuwa akihudumia wazee huko Uccle na kurudi jioni; Papa alikuwa mgonjwa; kwa hiyo nikitoka shule nilikwenda kwa Madame Greta. Alinipa mkate wenye chokoleti, akanikalisha kwenye kigoda kando ya meza ya pasi, akaweka sahani ya muziki kwenye santuri. Watu hawaniamini nikisema kwamba mwanamke yule, mwenye aproni ya maua na soksi nzito, alipenda muziki ule. Alipenda. Alisema unaupa mkono wake mwendo.

Wimbo aliourudia kuliko zote ulianza kwa ngoma peke yake. Si mdundo wa kucheza. Ulikuwa mwendo wa kwato, mwingi kupita kiasi, kana kwamba mnyama mwenye miguu mingi anakuja kutoka mbali na hana nia ya kupita. Gitaa liliingia baadaye, zito, na juu yake mwimbaji akatoa sauti ndefu ambayo mimi niliidhani ni ya mtu anayeona kitu mlangoni. Kwenye jalada la sahani palichorwa mzee aliyepanda farasi. Farasi alikuwa na miguu minane. Mzee alikuwa na kofia pana, jicho moja, na kunguru wawili mabegani. Nililitazama jalada lile mchana baada ya mchana, wakati pasi ikifoka mvuke.

Siku moja nilimwuliza Madame Greta mzee yule ni nani. Alinieleza kwa Kifaransa chake kizito, bila kuacha kupiga pasi, kwamba ni mungu wa zamani wa watu wa kaskazini, na wimbo wote unamhusu yeye.

"Hutembea duniani akijifanya mgeni," alisema. "Kofia ni ya kuficha jicho lililokosekana. Ndege wake humletea habari. Hali kitu, nyama anayowekewa huwapa mbwa mwitu wanaokaa miguuni pake. Akiingia kwenye nyumba, kuna mwanamume atakayeondoka naye."

Nilimwuliza wanakwenda wapi. Akasema kwenye ukumbi wa mashujaa waliokufa. Kisha aliniona uso wangu, akaweka pasi wima na kuniambia ni wimbo tu. Lakini watu wazima wa nyumbani kwetu walikuwa wakisema hivyo hivyo kuhusu ugonjwa wa Papa: amechoka tu.

Papa hakuwa amechoka tu. Uso wake ulikuwa umepata rangi ya majivu. Kila baada ya siku chache alikwenda hospitali asubuhi na kurudi jioni ameshika ukuta, mkono ukiwa na bandeji, na Maman alimpimia maji ya kunywa kwenye kikombe kidogo. Hakuna aliyenieleza. Kwetu ugonjwa haukusemwa mbele ya mtoto, kana kwamba neno lenyewe linaambukiza. Nilichojua nilikiokota mlangoni, Maman alipokuwa akizungumza na simu. Alisema mkubwa wake Papa amekubali kuja kutoka Likasi. Halafu akashusha sauti, kwa Kiswahili chetu cha Likasi, ambamo wataingia ni bataingia na ndiye ni njo: "Bataingia pamoja, siku moja. Kutoka, Mungu njo anajua."

Nilifahamu kwamba Papa ana kaka. Sura yake sikuijua. Tonton tulimjua kwa sauti, kwa sababu enzi hizo watu wa kwetu walitumiana kanda zilizorekodiwa badala ya barua, na katika kila kanda kulikuwa na mahali aliponisalimia mimi. Aliniita mama yake. Si kwa kubembeleza. Nilipewa jina la bibi, mama yao wawili, na kwa desturi yetu jina si kivuli. Anayelibeba anasalimiwa kama mwenyewe. "Mama yangu, unakula muzuri?" sauti ilikuwa ikiuliza kwenye kanda, na mimi, mwenye meno yanayong'oka, nilijibu mbele ya redio kwamba ndiyo, mwanangu, nakula vizuri. Papa alicheka hadi akakohoa.

Alifika siku ya mvua. Nilikuwa kwenye korido mlango ulipofunguliwa, na mtu aliyeingia alikuwa na kofia pana ya manyoya yaliyobanwa, ukingo wake ukidondosha maji. Alivua koti. Kofia hakuivua. Alichuchumaa mbele yangu, na chini ya ukingo nikaona jicho moja likinitazama na mahali pa la pili pamefumbwa.

"Mama," alisema, kwa sauti ileile ya kwenye kanda. "Haunisalimie mutoto yako?"

Nilimpa mkono kwa sababu Maman alikuwa akinitazama. Kiganja chake kilikuwa baridi, kikavu. Ndani yangu nilikuwa nimekwisha kufikia uamuzi: huyu ni yule mzee wa kwenye jalada, ameichukua sauti ya Tonton kama anavyochukua sura za watu wote. Kwamba mtu anaweza kupoteza jicho kwa kipande cha jiwe kilichoruka mgodini, hilo halikunijia kichwani. Nani angeniambia? Nalo lilikuwa miongoni mwa mambo yasiyosemwa mbele ya mtoto.

Tangu utoto nina tabia ya kutoamini jambo kabla ya kulihakikisha, na siku zile nilihakikisha. Mezani Maman alipika kuku na mbuzi kwa ajili ya mgeni, lakini mgeni alikula wali na majani ya mihogo, na kila kipande cha nyama alichowekewa alikihamishia kwenye sahani yangu. "Kula, mama, unenepe," alisema. Nilikuwa nimekaa chini, kwenye mkeka, karibu na miguu yake. Nilitafuna nikijua kile ninachokula ni fungu la nani. Asubuhi alifungua dirisha na kuweka makombo ya mkate kwenye kizingiti, na kunguru wakaja. Wawili. Alizungumza nao polepole, kwa Kiluba, lugha nisiyoijua. Na mchana, muziki ulipoanza kupanda kutoka kwa Madame Greta kupitia sakafu, mwendo ule wa kwato chini ya nyayo zetu, Tonton aliinua kichwa, akasikiliza, kisha vidole vyake vikaanza kugonga meza kwa mwendo uleule.

"Ile muziki inakimbia," alimwambia Papa. "Inaenda wapi vile?"

Papa alijibu kwamba yule Mflamandi wa chini ni mwenda wazimu kidogo. Walicheka wote wawili, wakiwa wamekaa goti kwa goti, na Tonton akaweka mkono begani kwa Papa na kuuacha hapo. Mimi niliuona mkono ule ukipima.

Jumapili, baada ya ibada, Maman alipiga pasi pajama mbili, ya Papa na ya mgeni, akaziweka kwenye mfuko mmoja. Nikajua ni kesho ataondoka naye.

Lazima nieleze kuhusu fagio. Maman alikuwa amekuja Ulaya na fagio la njiti za mchikichi, akalining'iniza nyuma ya mlango wa jikoni, na alikuwa na sheria moja juu yake: mgeni akiwa ndani, hufagii. Kufagia mbele ya mgeni ni kumwambia atoke, na kumgusa miguu kwa fagio ni kumwambia asirudi. Niliwahi kuona nguvu yake. Mama mmoja wa Kolwezi alinyanyuka na kuacha chakula mezani kwa sababu binamu yangu alipita na fagio karibu na kiti chake, na hakukanyaga kwetu tena. Kwa hesabu yangu ya kitoto jambo lilikuwa wazi. Mungu wa kaskazini alikuja kama mgeni, basi alikuwa amefungwa na sheria za wageni. Na sheria za wageni mimi nilizijua kuliko Madame Greta.

Papa alikuwa amesinzia kwenye kiti chake. Maman alikuwa jikoni, mgongo kwetu. Tonton alikuwa amekaa kando ya dirisha. Nilianza chini ya kiti chake. Nilifagia kutoka nyuma ya visigino vyake kuja mbele, nikapitisha njiti juu ya viatu vyake, kimoja, kisha cha pili, nikaendelea kuelekea mlangoni nikisukuma vumbi ambalo halikuwepo. Njiti zililia sakafuni. Nilipogeuka, alikuwa ananitazama, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa umeporomoka.

"Ni nani alikutuma?" aliuliza.

Sikujibu. Niliamini kwamba nikimjibu nitakuwa nimempa njia ya kubaki. Maman alitokea mwiko mkononi, akaona fagio, akanyamaza. Na katika ukimya ule wa sisi wawili Tonton alisikia jibu.

"Bon," alisema. "Nimesikia."

"Beau, ni mutoto," Maman alimwambia shemeji yake.

"Mutoto hafagie kintu wakubwa hawakusema. Na huyu haiko mutoto. Huyu ni mama." Alikuwa amekwisha kusimama, anatafuta koti. "Kama mama hataki nikatwe, mi ni nani?"

Sikuelewa wakati ule kile kilichokuwa kati yao, na nilikuja kukielewa miaka mingi baadaye. Bibi alipokufa Papa hakuweza kusafiri. Tonton alimzika peke yake, na yakasemwa maneno ya lawama. Kuja kwake Brussels kulikuwa kumefunika maneno yale. Sasa fagio liliyafunua, tena mikononi mwa mwenye jina la marehemu. Alichukua sanduku lake. Papa aliamka mlango ukifungwa, akajaribu kunyanyuka, akarudi kwenye kiti. Nilimtazama nikisubiri rangi irudi usoni pake, kwa sababu hatari ilikuwa imeondoka. Papa aliutazama mlango akasema, bila kumwambia yeyote, "Donc, basi, nimekwisha."

Nimepata kuogopa mambo mengi maishani. Sijapata kuogopa kama nilivyoogopa nilipoyasikia maneno hayo na fagio likiwa bado mkononi mwangu.

Maman alinishika mabega, nikamwambia yote, jalada, farasi, nyama, kunguru, pajama. Nilitegemea kofi. Alikaa sakafuni kama mtu aliyekatwa kamba, kisha akanivalisha koti juu ya nguo za kanisani na tukatoka karibu kukimbia.

Tulimkuta kituo cha tramu cha Place Liedts. Tramu ilikuwa imesimama mlango wazi, na yeye hakupanda. Ikaondoka, yeye bado amekaa kwenye benchi, sanduku kati ya miguu. Kofia ilikuwa juu ya magoti. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila kofia. Nywele zilikuwa zimepungua katikati, na jicho lile lililokosekana lilikuwa kope tu iliyoshonwa, ndogo, laini, kama ya mtoto aliyelala. Maman alinisukuma mbele.

"Ambia Tonton ile uliniambia."

Nilimwambia. Nilizungumza nikitazama viatu vyake. Nilipofika kwenye kunguru alianza kutikisika, na nikadhani analia.

"Kwa hiyo mi nilikuya kukamata papa yako?"

"Ndiyo."

"Na cheval, farasi yangu, iko wapi?"

"Iko kwa Madame Greta."

Alicheka hadi mzee mmoja wa Kituruki aliyekaa upande wa pili wa benchi akacheka naye bila kujua sababu. Halafu kicheko kikaisha. Aliuchukua mkono wangu, akauingiza ndani ya koti, akaubana ubavuni pake, juu ya shati.

"Humu ndani iko figo mbili," alisema. "Za papa yako zimekufa. Kesho docteur atatoa moja ya yangu, atamuwekea. Njo maana walinikataza nyama, juu ya bipimo. Njo maana nilikuya. Unasikia, mama?"

Nilisikia. Chini ya kiganja changu ubavu ulikuwa unapanda na kushuka. Nikamwuliza kama yeye atakufa. Maman alivuta pumzi ili anyamazishe swali, lakini Tonton alimwinulia mkono.

"Sijue, mama," alisema.

Katika nyumba ile yote ya watu waliokuwa wakiniambia si kitu, yeye ndiye mtu mzima wa kwanza kuniambia hajui. Hakuniondolea woga. Aliubadilisha tu, akaupa uzito wake halisi, na mimi nikaubeba.

"Sasa ni wewe ulinifukuza," aliendelea. "Mama yako hawezi kunirudisha, papa yako hawezi. Sema. Nirudi, ao niende?"

Tramu nyingine iliingia kituoni. Nilielewa, kwa namna ambayo mtoto huelewa mambo kabla ya kuwa na maneno yake, kwamba nikisema aende Papa atakufa, na nikisema arudi huenda nikawa nimemwita yeye afe. Hakukuwa na upande usio na mtu wa kufa. Nilimshika mkono. "Rudi," nikasema, na neno lilitoka dogo sana. Alivaa kofia, akanyanyuka, akaniachia niongoze njia yote, mimi mbele, yeye nyuma na sanduku lake, Maman nyuma yetu akijifuta uso kwa kitambaa cha kichwa.

Siku iliyofuata nilishinda kwa Madame Greta. Nilimwomba asipige wimbo. Aliutazama uso wangu akairudisha sahani kwenye jalada, na jalada akaligeuza kuelekea ukutani. Tulikaa na mvuke tu. Kila hatua kwenye ngazi niliihesabia kuwa kwato. Alipiga pasi, akakunja, akapiga pasi tena shati lilelile, na nilipoligundua hilo nilijua kwamba naye anaogopa. Nje kukiwa kunaanza kuwa giza, simu yake ililia. Alisikiliza, akanipa. Sauti ya Maman ilikuwa mbali, imechoka. "Bametoka," alisema. "Bote wawili."

Papa aliishi. Aliishi hadi akanisindikiza kanisani siku ya harusi yangu, na akambeba binti yangu. Tonton alikaa nasi hadi kidonda kilipofunga. Siku ya safari, sanduku likiwa mlangoni, alikwenda mwenyewe nyuma ya mlango wa jikoni, akatungua fagio na kunipa. Sikuwa nimeligusa tangu siku ile.

"Mama, fagia sasa. Kazi yangu imeisha."

Nilitikisa kichwa.

"Mugeni akikaa sana anakuwa kiti," alisema, na akakaa, akainua miguu yote miwili hewani, kofia tumboni, akishika ubavu kwa mkono kwa sababu bado uliuma. Papa alikuwa kwenye korido, uso wake umerudia weusi wake, akasema nifagie jamani, ndege haingoji. Nilifagia. Nilifagia polepole, chini ya miguu ile iliyoinuliwa, bila kuigusa, hadi mlangoni.

Baadaye maishani nilijisomea. Sikusomea hadithi za kaskazini shuleni. Nilizitafuta kitabu kwa kitabu katika maktaba ya wilaya, nikalinganisha na maneno ya wimbo, ambayo kufikia wakati huo niliyaelewa. Wanamuziki wale hawakubuni kitu. Kofia ilikuwepo, na kunguru, na mbwa mwitu wanaolishwa nyama. Miguu minane waliitia kwenye ngoma yenyewe, na nadhani hiyo ndiyo kazi yao bora. Lakini walichukua kinachopiga kelele na kuacha kilicho kimya. Katika hadithi kuna kisima, na mungu yule alikwenda kwenye kisima kutafuta maji ya kujua mambo, na bei ya maji ikawa jicho. Hakunyang'anywa. Alilitoa mwenyewe. Kwenye wimbo hilo halimo. Humo anachukua tu. Nilimpigia Tonton simu Likasi kumweleza, kwa mpangilio, kama ninavyoeleza mambo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Yeye alipata mayi," alisema. "Jicho ya mi, jiwe ilikamata bure. Hata chai hawakunipa."

Nikamwambia sikuwa nazungumzia jicho. Akauliza kama hapa kunanyesha.

Leo jioni watu watakuja kwangu Auderghem kukaa matanga. Nimemaliza mashati, nimepanga viti. Binti yangu, ambaye anapenda nyumba iwe safi kabla ya wageni, aliona makombo ya mkate chini ya dirisha la jikoni, ambako kunguru huja, akaniuliza fagio liko wapi. Nililiweka kabatini asubuhi, baada ya simu. Nilimwambia aache, tutafagia matanga yakiisha. Tonton bado yumo ndani.